NANI MKIMBIAJI BORA WA TANZANIA WA NYAKATI ZOTE?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze, kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria na wazazi wasomao gazeti hili nyumbani, habari za mdahalo wa muhula huu juu ya wakimbiaji wa nchi yetu: ni yupi aliye bora kupita wote tangu Uhuru, na nani wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Sitaandika yote yaliyosemwa, maana mengine yalikuwa kelele tu. Nitaeleza jinsi jambo lenyewe lilivyo gumu, na njia ninayoiona mimi kuwa ya haki ya kulipima.

Kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini tulijitaabisha. Shule imepata kikombe kipya cha mbio za kilomita 10, zile tunazokimbia kila muhula. Mkuu wa Shule alisema kikombe kipewe jina la mkimbiaji mmoja wa Tanzania, na wanafunzi ndio watakaolipendekeza. Jina likichorwa juu ya chuma halifutiki kwa urahisi, na wadogo zetu watakaokuja miaka kumi au ishirini baada yetu watalikuta papo hapo. Kwa hiyo mabweni yaligawanyika, na kwa muda wa wiki mbili hata kwenye foleni ya uji hapakuzungumzwa neno lingine.

Babu yangu anafuga ng'ombe wa pembe ndefu huko Kyerwa. Ukimwuliza ni ng'ombe gani aliye bora zizini, hajibu mara moja. Hukuuliza kwanza: bora kwa maziwa, bora kwa kuzaa, au bora wa kutoa mahari? Maana yule atoaye maziwa mengi huenda pembe zake hazipendezi, na yule mwenye pembe za fahari huenda hana maziwa ya kutosha ndama wake. Nilianza hotuba yangu kwa habari hiyo, watu wakacheka. Lakini nadhani ugomvi mwingi wa mdahalo wetu ulitokana na watu kujibu maswali tofauti wakidhani wanajibu swali moja.

Majina yaliyosimama mpaka mwisho yalikuwa sita: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu, Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga, Juma Ikangaa na Alphonce Simbu wa Singida. Fabiano Joseph, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, na Christopher Isengwe, aliyekuwa wa pili katika marathoni ya ubingwa wa dunia mwaka huo huo kule Helsinki, walitajwa kwa heshima wakaachwa. Nasikitika kidogo juu ya Isengwe. Mtu aliyepitwa kwa sekunde 11 baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili alistahili kujadiliwa walau robo saa.

Wenzetu wa Kidato cha Tatu walikuja na hoja moja: hesabuni nishani, maneno yaishe. Nao walimsimamisha Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Simbu alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda ule ule. Picha ya mstari ndiyo iliyoamua, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tena Simbu hakuzuka ghafula. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, akawa wa saba katika Olimpiki iliyofanyika mwaka 2021, akapata fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022. Hoja hii ina nguvu, wala simdharau aliyeileta.

Lakini nishani zahesabika vizuri tu pale ambapo watu wote walipewa nafasi ya kuzigombania. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya riadha yalianza mwaka 1983, huko Helsinki. Bayi alikuwa katika nguvu zake kati ya mwaka 1973 na 1976. Kumpunguzia alama kwa kukosa nishani ya dunia ni kama kumlaumu mtu kwa kutofanya mtihani uliotungwa baada ya yeye kumaliza shule.

Kisha kuna jambo la Montreal. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini, ambako watu weusi walikuwa wakikandamizwa kwa sheria za ubaguzi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki ya mwaka huo. Ilipokataliwa, nchi zaidi ya ishirini zilijitoa, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Dunia nzima ilikuwa ikingoja mbio za mita 1,500 baina ya Bayi na John Walker, ambaye, kama ilivyotokea, alikuwa mtu wa New Zealand. Mbio hizo hazikuwako. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameupita kwa sekunde saba miaka miwili kabla. Mwenzetu mmoja alitaka tumpe Bayi dhahabu hiyo kwa kukisia. Mimi nilikataa, ijapokuwa nilikuwa upande wa Bayi. Mbio za fainali mara nyingi huenda polepole kwa sababu ya hila za wakimbiaji, kwa hiyo muda wa Walker siku ile hauonyeshi uwezo wake wote. Tena Bayi mwenyewe alikuwa ameugua malaria karibu na wakati huo. Hatuwezi kumpa mtu nishani ambayo hakuikimbilia. Twaweza tu kuacha kumhukumu kwa kukosa.

Nao wanaohesabu nishani yawapasa wahesabu pande zote mbili. Nishani za Olimpiki ambazo Tanzania imezipata mpaka leo ni mbili, zote za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Nyambui alikuwa wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa pungufu ya sekunde moja. Bayi alikuwa wa pili katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa kasi kubwa mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland alipomkamata na kumpita. Lakini mwaka ule Marekani, Kenya na nchi nyingine nyingi hazikwenda Moscow. Basi mgomo wa 1976 ulitunyima, na mgomo wa 1980 huenda ulitupunguzia washindani. Sikusikia mtu hata mmoja wa upande wetu akilitaja hilo la pili, nami nililitaja kwa sababu niliona si uungwana kulificha.

Mashaka ya namna hii hayako kwetu tu. Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, ambamo mtu mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, na watu wa huko hubishana juu ya wachezaji wao bora wa nyakati zote kama tulivyobishana sisi, huku wameshika vitabu vya hesabu. Kwa miaka mingi watu weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu, wakawa na ligi zao wenyewe. Jackie Robinson alivunja kizuizi hicho mwezi wa Aprili 1947. Josh Gibson, mpigaji mashuhuri wa ligi za watu weusi, alikuwa amefariki mwezi wa Januari mwaka ule ule. Mwaka 2024 wakuu wa besiboli waliamua kuziingiza hesabu za ligi zile katika daftari moja na za ligi kuu, na mara Gibson akampita Ty Cobb, aliyekuwa juu kwa wastani wa upigaji wa maisha yote. Gibson alikuwa kaburini miaka 77; kilichobadilika ni daftari. Nililitoa jambo hili mbele ya mkutano ili wenzangu waone kwamba orodha yoyote hutegemea ni nani aliyeruhusiwa kuingia uwanjani.

Upande wa pili ukasema: basi tuache nishani, tutazame saa, maana saa haina upendeleo. Hoja hii nayo yapendeza, lakini ina shimo lake. Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Simbu alikuwa wa pili Boston mwezi wa Aprili 2025 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Je, Simbu amempita Ikangaa kwa karibu dakika tatu? Kwa saa, ndiyo. Lakini viatu vya leo vina povu jepesi na bamba la kaboni ndani ya soli, ambavyo humrudishia mkimbiaji sehemu ya nguvu anayoipoteza kila akanyagapo. Vinywaji vya njiani ni vya kitaalamu zaidi, na mazoezi hupimwa kwa vyombo. Ikangaa hakuwa na viatu hivyo.

Njia niliyoipendekeza mimi ni hii. Usimpime mkimbiaji na mtu wa miaka mingine, bali mpime na aliye bora duniani katika siku zake, kisha linganisha mapengo. Mwaka 1989 rekodi ya dunia ya marathoni ilikuwa saa 2, dakika 6 na sekunde 50, ya Belayneh Dinsamo wa Ethiopia. Pengo la Ikangaa, katika njia ya New York yenye madaraja na vilima, lilikuwa dakika 1 na sekunde 11. Siku Simbu alipokimbia Boston, rekodi ilikuwa saa 2 na sekunde 35, aliyoiweka Kelvin Kiptum wa Kenya mjini Chicago mwaka 2023. Pengo la Simbu lilikuwa dakika 4 na sekunde 29. Boston nayo ina vilima, na mtu agombaniaye nafasi hakimbilii saa, kwa hiyo kipimo changu si kamili. Lakini chaonyesha kwamba Ikangaa, katika siku zake, alikuwa karibu zaidi na kilele cha dunia kuliko vijana wengi wanavyofikiri. Muda wake wa New York ulikuwa rekodi ya njia ile mpaka mwaka 2001. Na Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu.

Kwa kipimo hiki Bayi hana pengo lolote, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa rekodi. Hapa naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikuwa na umri wa miaka 20, yaani mitatu tu zaidi ya mimi niandikaye. Siku hizo wakimbiaji wa fainali ya mbio hizo walipenda kwenda pamoja kama kundi la mbuzi, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, kisha mzunguko wa mwisho wote wakafyatuka. Bayi hakungoja. Alikwenda mbele tangu mwanzo, akawaacha nyuma mita nyingi, wala hapakuwa na mtu wa kumwongozea kasi kama wafanyavyo siku hizi katika mbio za kutafuta rekodi. Walker alikuwa mbele ya watu wake mwenyewe, na katika mita za mwisho alimkaribia huku uwanja ukimshangilia, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ilikuwa sekunde 33.1 juu ya dakika zile zile tatu, ya Mmarekani Jim Ryun tangu 1967.

Angalieni waliokuwa nyuma yake. Walker, wa pili, alipata 3:32.52, maana yake hata yeye aliivunja rekodi ya dunia ya zamani, na bado akashindwa. Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, alipata 3:33.16. Kwa hiyo Bayi hakushinda watu dhaifu, wala hakuweka rekodi katika mbio zilizopangwa kwa ajili hiyo. Aliiweka akiwa anagombania dhahabu, ugenini. Mwaka uliotangulia, kule Lagos, katika Michezo ya Afrika, alikuwa amekwisha kumshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Rekodi ya dunia ya Christchurch ilidumu mpaka 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoipunguza kidogo sana. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka na rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Hiyo haikudumu hata miezi mitatu, maana Walker aliishusha chini ya dakika 3 na sekunde 50 mwezi wa Agosti, naye akawa mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo.

Kwa sababu hizo orodha yangu ni Bayi wa kwanza, Simbu wa pili, Ikangaa wa tatu, Shahanga wa nne na Nyambui wa tano. Shahanga nimemweka juu ya Nyambui, na jambo hilo lilinipatia maadui katika bweni langu mwenyewe. Lakini mtu aliyeshinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika marathoni, Edmonton mwaka 1978, kisha akarudi miaka minne baadaye akashinda dhahabu ya mita 10,000 Brisbane, ameonyesha uwezo wa namna mbili. Katika mbio hizo Wakenya walikuwako. Kwa Nyambui na Shahanga tofauti ni ndogo, na mwenye kuwabadilisha nafasi sitagombana naye sana. (Hakuna mtu wa Karagwe wala Kyerwa katika tano hizi. Milima tunayo, na miguu tunayo. Nadhani tunachokosa ni kiwanja kizuri na mtu wa kutufundisha mwaka mzima badala ya wiki mbili kabla ya UMISSETA.)

Msomaji ataona nimemwacha Akhwari. Ukumbini waliguna kwa sauti.

Habari yake yajulikana: Mexico, 20 Oktoba 1968, mji ulio juu ya bahari mita zaidi ya 2,200. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Walioguna walisema hilo latosha kumpa nafasi ya kwanza. Mimi nasema ni swali lingine, kama lile la babu na ng'ombe. Kwa mbio peke yake Akhwari hawi juu ya Ikangaa. Lakini lililoniudhi ni kwamba waliomtetea walimtetea kwa huruma tu, kana kwamba alikuwa mtu asiyejua kukimbia. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, goti likiwa limepona, alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2 na dakika 15. Huyo alikuwa mkimbiaji wa kweli aliyepatwa na ajali, nao ukumbi mzima haukuijua Edinburgh mpaka nilipoitaja.

Kura zilipigwa mara mbili, kwa shauri la mwalimu aliyeongoza mdahalo, naye aliona mapema kwamba maswali ni mawili. Katika orodha, Simbu alichaguliwa wa kwanza na Bayi wa pili. Nadhani ni kwa kuwa wengi tulimwona Simbu kwa macho yetu kwenye televisheni, na Bayi tunamsoma tu. Katika jina la kikombe, Akhwari aliwashinda wote. Kura yangu ya kwanza nilimpa Bayi na ya pili nikampa Akhwari, kwa sababu mbio zetu za kilomita 10 kila mmoja hutakiwa kuzimaliza, hata yule anayefika wakati wengine wamekwisha kuoga.

Kabla hatujatawanyika dada mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akauliza kwa nini hakuna mwanamke hata mmoja katika majina sita. Hakuna aliyemjibu vizuri. Alitutajia Theresia Dismas, aliyepata fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika, Brazzaville mwaka 1965, na Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mtu mmoja akasema mkuki si mbio. Akajibiwa kwamba saa 2 na dakika 18 ni mbio, akakaa. Mdahalo wa muhula ujao utakuwa juu ya wanariadha wanawake, na dada huyo ndiye mzungumzaji wa kwanza. Mzazi yeyote aliye na magazeti ya zamani yenye habari zao, au aliyewaona wakishindana, twamwomba ampe mwanawe ayalete siku ya kufungua shule; yatapokelewa maktabani na kurudishwa salama.